Nani Alianza Kuugua

Beno Ndunguru alikuwa na ulimi ambao mama yake, kule Songea, aliuwekea nia ya misa mara mbili kwa mwaka, kama watu wanavyomwombea ndugu mlevi. Akiwa kidato cha tatu alichapwa viboko vinne kwa kumweleza mwalimu wa kemia kwamba zile dawa mbili zimekataa kuchanganyika kwa sababu zimeshaoana. Alipomaliza kidato cha nne akaja Bongo kwa mjomba wake, Ilala, akakaa mwaka na nusu akila ugali wa watu na kuulipia kwa vichekesho. Mjomba alicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akaanza kumwuliza kama vichekesho hivyo huwa vinaajiri.

Vikaajiri. Au tuseme jirani mmoja, dereva wa mradi fulani wa utafiti, alimsikia Beno akimbembeleza mbwa wa mtaani kwa maneno ya kumtongozea msichana, mbwa akalala chali, na jirani akaenda kusema kazini kwamba mtaani kwao kuna kijana anaongea na mbwa wakaelewana. Mradi ulikuwa unamtafuta mtu wa namna hiyo hiyo. Ndivyo alivyopata kibarua cha miezi mitatu: kuzunguka Kariakoo na kisanduku cha barafu, kuingiza kijiti cha pamba puani mwa mbwa, kisha kingine puani mwa watu wanaoishi na mbwa hao.

Bosi wake alikuwa daktari wa mifugo, Daktari Ritha, mwanamke mfupi asiyecheka kabla ya saa sita mchana. Siku ya kwanza aliwakalisha vibarua wote ofisini, ghorofa ya tatu pale Posta, akawaeleza kazi yenyewe.

"Mbwa wana mafua yao, kama sisi tulivyo na yetu," alisema. "Mpaka leo sijasikia mtu hata mmoja aliyethibitishwa kuugua yale ya mbwa. Lakini virusi vya mafua ni mpangaji mjanja. Leo anaomba kukaa kibarazani, kesho unamkuta sebuleni anabadilisha pazia. Sisi tunataka kujua sasa hivi amefika wapi. Hatujaja kutangaza ugonjwa. Tumekuja kupima hatari."

Akawapa masharti mawili. Koti jeupe na kitambulisho vivaliwe wakati wa zoezi tu, ukimaliza, vua. Na habari za mtu aliyepimwa ni za mtu huyo. Haziendi kwa jirani, haziendi kwa mwajiri, haziendi kwa mchumba.

Beno akanyoosha mkono akauliza habari za mbwa je, zinaweza kwenda kwa mchumba wa mbwa. Vibarua wakacheka. Daktari Ritha akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne.

Ghala la vitambaa la Tejas lilikuwa uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, lenye geti la chuma la kijani. Mlinzi wake alikuwa Eliakimu, mtu wa Iringa, miaka hamsini na kitu, mvi zake zote zimehamia kidevuni. Eliakimu alikuwa Mhehe na Beno alikuwa Mngoni. Wa kwetu ameshaelewa. Asiyeelewa aambiwe kwamba makabila hayo mawili yalipigana zamani mpaka yakachoka, na yalipochoka yakawa watani. Mtani unamtukana usoni na hana ruhusa ya kukasirika. Ruhusa aliyonayo ni ya kukutukana vizuri zaidi. Mhehe, kwa mfano, hutaniwa kwamba anakula mbwa.

"Shikamoo, mtani," Beno alisema siku aliyofika, baada ya kuulizana makwao.

"Marahaba. Mngoni na koti jeupe. Nani kafariki?"

"Bado hajafa mtu. Nimekuja kumpima mbwa wako kabla hujampeleka jikoni."

"Huyu simli, ni mzee, atanivunja meno." Eliakimu alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambulisho. "Lakini nyie. Babu zenu wametoka mbio Afrika Kusini, wamevuka mito, wamepigana na kila waliyemkuta njiani. Kumbe safari yote ile ni kuja kuchokonoa mbwa pua."

Beno alicheka mpaka akashika geti. Alijua amepata mtu.

Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, ncha ya sikio moja imeliwa na vita vya ujana. Aliitwa Shemeji. Eliakimu alimpa jina hilo kwa kuwa alikuja bila kualikwa, akala bila kuuliza, na kila ukimfukuza anakuangalia kana kwamba wewe ndiye mgeni. Sasa alikuwa amelala kwenye boksi lililotandazwa, macho yanatoa machozi, na kila baada ya dakika moja anapiga chafya ya kuinua vumbi.

Eliakimu alimshika kichwa. Kabla Beno hajafungua kijiti, yule mzee akashusha sauti.

"Sasa utani tuuweke pembeni kidogo. Mbwa huyu hakubali mtu mwingine. Kabla yangu walipita hapa walinzi wanne, wote amewatoa mbio, mmoja mpaka leo anakaa upande mmoja. Tejas hakuniajiri mimi. Ameniajiri mimi na huyu. Akiondoka huyu leo, mimi kesho niko barabarani, na kwa umri huu hakuna kampuni ya ulinzi itakayonivalisha sare. Nina binti yuko kidato cha pili Iringa. Umenielewa? Hivyo vijiti vyako visije vikaniponza."

"Mtani, habari zako ni siri," Beno alisema, akagusa kitambulisho kifuani kama mtu anayekula kiapo. Na wakati ule alikuwa anamaanisha.

Akampima mbwa, akampima mzee, kisha akafungua fomu. Fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na aliyeyatunga hakuwahi kukaa na Mhehe.

"Jina la mnyama?"

"Shemeji."

"Uhusiano wako na mnyama?"

"Wewe umesikia jina halafu unaniuliza uhusiano."

"Unalala naye chumba kimoja?"

"Yeye ndiye anayelala na mimi. Boksi ni lake."

"Anakulamba usoni?"

"Mikono tu. Usoni nimekaa kama embe?"

Wakafika swali la kumi na nne. Kama mtu na mnyama wote wana dalili, nani alianza kuugua?

"Mimi," Eliakimu alisema bila kufikiri. "Jumamosi niliamka kichwa kizito kama robota la kanga. Nikakohoa Jumapili nzima, Jumatatu nzima. Huyu alikuwa ananiangalia tu. Chafya yake ya kwanza ni jana, Jumatano."

Beno akaandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ambao hata mwalimu wa kemia aliusifu: *Mtu. Jumamosi. Mnyama baada ya siku nne.*

Alipokuwa anafunga kisanduku, akaja Mama Nayna, mama yake Tejas, na chapati mbili ndani ya kitambaa. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale kabla ya Uhuru na hakuwahi kuona sababu ya kuhama. Kila asubuhi, nyumbani kwao, chapati ya kwanza kutoka jikoni huwa ya ng'ombe na ya mwisho huwa ya mbwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Ng'ombe Kariakoo hatuna," alimwambia Beno, akiinama taratibu na magoti yake mabovu, "basi huyu anakula na ya ng'ombe. Ndiyo maana amenenepa hivi. Anaumwa nini?"

"Mafua, mama."

"Masikini. Kaambukizwa na huyu," alisema, akimwonyesha Eliakimu kwa kidevu. "Nilimwambia funika mdomo. Wanaume wakikohoa wanakohoa kama wanatangaza mnada."

Kwa hiyo watu watatu waliijua habari kamili, saa nne ya asubuhi ile, na mmoja wao alikuwa ameiandika.

Kesho yake, Ijumaa, Beno alimaliza mzunguko wa asubuhi akakaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Awadhi, mzee wa Lindi, kwenye kona ya uchochoro. Hakuvua koti. Alishagundua kwamba ukiwa na koti jeupe Awadhi anakumiminia wewe kwanza, watu wanasogea kwenye benchi, na hata wanaokuzidi umri wanakuita dokta. Utamu huo ni kama wa kashata, unajua utaoza meno na bado unaomba kipande kingine.

"Dokta, huko kwenye mbwa vipi?" aliuliza Mrisho, muuza mabeseni, mtu mnene mchangamfu ambaye alikuwa pia msimamizi wa grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa ule.

Angeweza kusema vizuri. Angeweza kusema bado tunapima. Lakini benchi zima lilikuwa limemgeukia, na utani wake na Eliakimu ulikuwa bado moto mdomoni kama kahawa yenyewe. Ukweli ulikuwa kwamba mzee ameugua mafua kama watu wote wa mji huu wakati wa mvua, na mbwa wake akafuatia. Nani atacheka hapo? Habari hiyo haina mkia. Beno akaigeuza, kichwa kikakaa mahali pa miguu, na ghafla ikawa tamu.

"Kuna mtani wangu mmoja pale kwa Tejas," akaanza. "Mhehe. Juzi kamwangalia mbwa wake, mate yakamdondoka, akaanza kutafuta sufuria. Mbwa akaona isiwe tabu, akampiga chafya ya uso." Benchi likaanza kutikisika. Beno akasimama, akaweka uso wa ofisini, akaminya sauti ikawa ya Daktari Ritha. "Nimempima mimi mwenyewe. Kaambukizwa na mbwa. Hakohoi tena, anabweka. Na huyu ni wa kwanza tu." Kisha akakohoa vile mbwa anavyobweka, mara tatu, mkono kifuani, juu ya kitambulisho.

Watu walicheka hadi Awadhi akamwaga kahawa kwenye sahani. Mrisho alikuwa anacheka huku simu ameinyanyua, lakini siku hizi nani hanyanyui simu.

Kipande alichokipeleka Mrisho kwenye grupu kilikuwa cha sekunde kumi na moja. Hakikuwa na Mhehe, sufuria wala mate. Kilianzia "Nimempima mimi mwenyewe" na kuishia kwenye kikohozi cha kwanza, kabla kicheko hakijalipuka. Mrisho baadaye aliapa kwamba alikata ili kisizidi uzito wa kutuma, na huenda ni kweli. Kilichobaki ni kijana wa koti jeupe, uso mkavu, kitambulisho kifuani, anaeleza ugonjwa.

Saa tisa alasiri kilimrudia Beno mwenyewe. Kilitumwa na dada yake, kutoka Songea. "Beno ni kweli? Mama anasema urudi."

Aliingia kwenye grupu kwa simu ya mjomba, ambaye alikuwa na kibanda cha vifungo mtaani pale, akaandika: jamani ule ulikuwa utani, mimi ndiye niliyesema. Jibu likaja ndani ya dakika moja, kutoka kwa mtu asiyemjua: "Dokta wa watu ameshatishwa, sasa anakana." Wa pili akaweka mikono ya kuomba dua. Wa tatu akauliza wateja wa Zambia wakisikia itakuwaje, na hapo ndipo grupu lilipowaka kweli, kwa kuwa Kariakoo inaweza kustahimili homa yoyote isipokuwa ile ya kukimbiza mteja. Mtu akasema mtaa utafungwa. Mtu akasema mbwa waondolewe kabla mtaa haujafungwa. Mtu aliyekuwa kwenye benchi la Awadhi akamtaja mlinzi wa kwa Tejas, na mwingine akauliza huwa anashika milango gani.

Jumamosi asubuhi Daktari Ritha alimpigia simu. Hakupaza sauti. "Hilo koti nilikwambia nini?"

"Nivue, dokta."

"Sijui wakubwa wakiiona hiyo video nitawaambia nini. Kuanzia sasa habari ya mtu aliyepimwa isitoke mdomoni mwako, nzuri wala mbaya. Neno moja, Beno. Nikisikia neno moja, acha kisanduku hapo hapo ulipo uende nyumbani."

Adhuhuri ile ile Tejas akamwita dukani. Alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini, mwenye kuongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mrisho alikuwepo, na wenye maduka wengine wawili, wamekaa juu ya marobota ya vitenge. Eliakimu alisimama mlangoni, kofia mkononi. Shemeji hakuwepo; alikuwa amefungiwa ghalani, na chafya zake zilikuwa zimeshaanza kupungua.

"Beno," Tejas alisema, "mimi sitaki kelele. Nakuuliza kitu kimoja, useme mbele ya hawa, yaishe. Kati ya huyu mzee na mbwa, nani alimwambukiza nani? Nani alianza kuugua?"

Jibu lilikuwa kwenye mkoba wake, nakala ya fomu, swali la kumi na nne, kwa kalamu ya bluu. Lilikuwa neno moja. Beno alimwona Eliakimu akimtazama, na mzee hakuwa na wasiwasi usoni. Alikuwa anamtazama kama mtu anayemngoja mwenzake arudishe mzigo aliompa amtunzie. Alikuwa hata anataka kutabasamu.

Beno akafikiria kisanduku cha barafu kikiwa kimeachwa njiani. Akafikiria ugali wa mjomba. Mdomo ambao haukuwahi kukosa neno tangu ulipoota meno ukaazima neno la ofisini.

"Siruhusiwi kusema habari za mtu aliyepimwa," alisema. "Ni sheria ya mradi."

Kisha Mrisho akapumua kwa nguvu, akawageukia wenzake. "Si mnaona," akasema taratibu, na safari hii hakuwa anacheka. "Lingekuwa jambo dogo angesema."

Eliakimu akavaa kofia yake.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza. Jumamosi iliyopita. Muulizeni huyu, ameandika."

"Mzee, wewe utasema hivyo," mmoja wa wenye maduka alimjibu kwa upole. "Una kazi ya kulinda."

Wote wakamgeukia Beno mara ya pili. Naye akatazama chini, kwenye kitenge kimoja cha maua ya njano, akahesabu petali.

Jumapili hakuna maduka mengi yanayofunguliwa Narung'ombe, na uchochoro huwa mtupu. Mama Nayna alikwenda na chapati zake saa moja na nusu. Geti dogo lilikuwa limerudishiwa tu. Eliakimu alikuwa amekwenda kuchota maji. Shemeji alikuwa amelala nje ya boksi lake, miguu imenyooka, povu limemkauka mdomoni, na karibu yake mfuko wa nailoni wenye kipande cha nyama kilichobaki. Mbwa wengine watatu wa uchochoro huo walikuwa wamelala kwenye mtaro, kila mmoja mahali pake. Aliyeitupa nyama hakujulikana. Kila mtu kwenye grupu alisikitika, na mmoja akasema walau Mungu amewaepusha na kubwa zaidi.

Mama Nayna alikaa chini, juu ya sakafu ya saruji, na sari yake safi ya kwenda hekaluni. Eliakimu aliporudi na ndoo alimkuta hapo. Mzee alimimina maji kwenye kitambaa akampangusa mbwa mdomo, taratibu, kama unavyompangusa mtoto aliyekula uji.

Walimzika bondeni, Jangwani, mahali ambapo udongo ni laini. Dereva wa Tejas alishika jembe. Beno aliipata habari saa nne, na alijua vizuri wajibu wake ni nini. Kwenye msiba, mtani ndiye anayetangulia. Mtani hushika sepetu, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huwadai wafiwa nauli ya kwenda ahera, huwachekesha watu kwa nguvu mpaka machozi yapate njia. Ni mbwa, ndiyo. Lakini alikuwa mbwa wa mtani wake, na alikuwa anaitwa Shemeji. Beno akafunga mlango wa chumba kwa mjomba, akajifunika shuka, na mjomba alipouliza akajibu kichwa kinamuuma.

Jumatatu Tejas alimwambia Eliakimu apumzike kwanza, mpaka mambo yatulie. Alisema kwa sauti ile ile ya kuogopa kuamsha mtoto. Bila mbwa, alisema, ghala halina mlinzi, lina mzee tu. Na wateja wakimwona getini wanavuka upande wa pili. Mama Nayna aligombana na mwanawe kwa Kigujarati, duka zima likisikia na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa, lakini ghala lilikuwa la Tejas. Eliakimu alikusanya jiko, shuka na redio. Boksi akaliacha.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu na siku mbili. Daktari Ritha aliwaita tena vibarua pale Posta. Ilikuwa saa saba mchana na alikuwa karibu kutabasamu. Walikuwa wamepima mbwa mia moja na arobaini, na watu mia mbili na kumi. Mafua ya mbwa yalionekana kwa mbwa wanne tu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa nayo. Kwenye taarifa aliandika kwamba kwa sasa, kwa eneo lile, hatari kwa binadamu ni ndogo sana, ingawa isiachwe kufuatiliwa.

"Ila kuna sampuli moja nzuri," alisema, akageuza kompyuta waione. "Mbwa wa ghalani, Narung'ombe. Alikuwa na mafua ya watu. Virusi vile vile tulivyovikuta kwa mlinzi wake. Yaani mtu kamwambukiza mbwa. Hii inatokea duniani, lakini mara nyingi wanashindwa kusema nani alianza, kwa sababu aliyejaza fomu hakuuliza tarehe. Sisi tunazo, siku kwa siku. Beno, hii ni kazi yako. Nimeomba wakuongezee miezi mitatu."

Wenzake wakampigia makofi. Beno akaangalia skrini. Chini ya mstari ule kulikuwa na maelezo mafupi: *mnyama hakupatikana kwa sampuli ya pili.* Kwenye safu ya sababu palikuwa patupu. Fomu zile zilikuwa na nafasi ya kila hatari ambayo mbwa anaweza kumletea mtu. Upande wa pili hakuna aliyekuwa amefikiria kuuwekea safu.

Sheria iliruhusu mtu aliyepimwa apewe karatasi ya majibu yake. Beno akaomba aipeleke mwenyewe.

Alimpata Eliakimu soko la Ilala, upande wa vitunguu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua. Vilivyooza kulia, vizima kushoto. Alikuwa amekonda kidogo, na ndevu zimeongezeka mvi. Beno hakuwa na koti. Alisimama mbele yake na salamu aliyokuwa ameifanyia mazoezi njia nzima.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, ndugu. Karibu." Eliakimu akavuta ndoo nyingine. "Samahani, pana harufu. Kaa."

Beno akakaa. Akatoa karatasi. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote kwa kufuata kidole, hata namba za juu zisizo na maana. Alipofika mwisho akairudia sehemu ya katikati.

"Kwa hiyo nilimwambukiza mimi," alisema.

"Ndiyo. Lakini alikuwa anapona, mzee. Mafua yale hayakuwa ya kumuua. Angepona ndani ya wiki ile ile."

"Sawa." Akaikunja karatasi mara nne. "Nashukuru sana. Umejisumbua kuja mpaka huku."

Beno alingoja. Alichokuwa nacho yeye maishani ni kitu kimoja tu, basi akakitumia. "Mtani, naona siku hizi mbwa wamekushinda umehamia kwenye vitunguu. Angalau hivi ukivila vinakuliza wewe mwenyewe."

Eliakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama unavyomngoja mgeni amalize kukohoa. Hakucheka wala hakukunja uso.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo."

"Mama hajambo, Songea?"

"Hajambo." Beno akasogeza ndoo yake karibu. "Mzee, nitukane basi. Nina haki yangu. Niambie Mngoni mjinga, niambie babu zangu walikimbia, niambie chochote."

"Nikutukane kwa nini, kijana wangu," Eliakimu alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye gunia. "Hatujazoeana hivyo."

Akachukua kitunguu, akakibonyeza kwa gumba, akakiweka kulia. Beno akasimama. Alikuwa na maneno mengi, alikuwa nayo siku zote, lakini yote yalikuwa ya kumwambia mtani. Mama mmoja mwenye kapu akamwomba apishe, anataka kuchagua vitunguu, naye akapisha.